Mlango wa Nyuma wa Bweni la Ostby

Maneno yenyewe hayakuwa mengi, na Marni Glassberg alianza kuyajutia kabla hata mlango wa jikoni haujajifunga.

"Kama chakula chetu hakikufai, Nachum, si ukale kwako."

Nachum Lerer alivua aproni, akaikunja vizuri kama alivyokunja kila kitu, akaiweka juu ya kiti, akachukua koti lake na kutoka nje kwenye theluji.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya Desemba. Mtihani wa mwisho ulikuwa umefanyika asubuhi ile, na chuo, ambacho hata kikijaa hakina watu wengi, kilikuwa kinahama. Magari ya wazazi yalipangana mbele ya mabweni, vijana wakiburuta masanduku, na barabara ya kwenda Minneapolis ilikuwa msururu wa taa. Waliobaki katika Nyumba ni wale wachache ambao safari zao zilikuwa za Jumapili. Nyumba ndilo jina walilolipa jengo la mbao lililo nyuma ya maktaba, ambalo chuo kiliwaazima wanafunzi wa Kiyahudi zamani, na ambalo halikuwahi kupata jina jingine. Marni, aliyekuwa mwaka wa mwisho, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Cheo hicho alikipata kwa sababu siku ya uchaguzi alitoka kwenda msalani, na aliporudi akakuta wenzake wameshampigia kura.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa mwiko. Sheria ya Kiyahudi hairuhusu nyama na maziwa kuchanganywa, kwa hiyo jikoni pale vyombo ni vya aina mbili: vyenye utepe mwekundu ni vya nyama, vyenye utepe wa buluu ni vya maziwa, na havikutani hata kwenye sinki. Kwao Marni, St. Louis, walikula chochote kilichowekwa mezani, kwa hiyo sheria hizo alijifunza ukubwani, na kwa kawaida alizifuata. Lakini usiku uliotangulia alikuwa amekesha akisomea mtihani wa takwimu. Mchana ule akajikuta anakoroga kugeli, zile tambi za kuokwa kwa maziwa na jibini na mdalasini, kwa mwiko wenye utepe mwekundu.

"Marni," Nachum alisema kwa sauti ya chini, "huo mwekundu."

"Najua."

"Na maziwa yameshapata moto, kwa hiyo kugeli yote…"

"Nimesema najua. Tangu ulipoingia humu jikoni pamekuwa kama mahakamani. Mtu hawezi kushika kikombe bila kukutazama wewe usoni kwanza."

"Mimi sikusema kitu."

"Husemi. Unatazama tu."

Hapo ndipo yakamtoka yale maneno ya kwenda kula kwake.

Zev Tuchman, aliyekuwa dirishani anamenya karoti, alisubiri mlango ujifunge ndipo akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, umemfukuza mtoto wa watu."

"Sijamfukuza. Nimemwambia tu."

"Umemwambia aende. Tofauti yake nini?"

"Zev, menya karoti."

Kilichomuudhi Marni ni kwamba Nachum alikuwa na haki. Katika chama kizima ni yeye peke yake aliyeshika sheria zote, kubwa na ndogo. Alitoka Baltimore, katika mtaa ambao kila nyumba hushika sheria kama yao, akaja kwenye baridi hii kwa sababu anapenda samaki wa maji baridi na hapa kuna profesa wa samaki hao. Alikuja na sufuria yake, kofia yake ndogo ya kichwani, na haya isiyo na kifani. Hakuwahi kumkosoa mtu kwa sauti. Ijumaa usiku ndiye aliyeimba baraka ya divai, na ajabu ni kwamba kijana huyo asiyeweza kuomba chumvi bila kuona aibu alikuwa akiimba mpaka glasi kabatini zinalia.

Marni aliitoa kugeli tanurini ikiwa imeiva vizuri kabisa, akaipeleka na sahani yake kwa wachezaji wa hoki wa nyumba ya jirani, ambao hawaulizi chakula kimetoka wapi. Akarudi kuoka samaki. Akampigia Nachum simu. Ilikuwa inatumika. Akapiga tena baadaye kidogo, nayo ikawa imezimwa, maana jua lilikuwa linazama, na Nachum likishazama jua la Ijumaa hagusi simu mpaka Jumamosi usiku.

Mchana ule jua lilikuwa limejitokeza kidogo, theluji ya juu ya mapaa ikawa inaporomoka kwa vishindo. Lilipozama, baridi ikarudi kama iliyokuwa inasubiri nje ya mlango, na kila kilichokuwa kimelainika kikaganda.

Wakakaa mezani watu wanane. Simu zao zilikuwa kapuni karibu na mlango, kama ilivyo desturi ya Nyumba kila Sabato. Pnina Saltzman, msichana wa mwaka wa pili mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa amewasha mishumaa mapema na kurudi bwenini kwake kuwaaga wenzake wanaosafiri, alisema wasimsubiri. Baraka ya divai ikabidi aiimbe Zev, akaikosea mara mbili, na wote wakaitikia amina kwa huruma. Kiti cha Nachum kilikuwa kitupu.

"Amenuna," Zev alisema, akijimiminia supu ya uyoga na shayiri. "Mwache. Kesho atakuwa amesahau."

"Nachum hanuni."

"Kila mtu hununa. Wengine hununa kimyakimya."

Marni alichovya kijiko, akakitoa. Supu ilikuwa nzuri na haikushuka. Alijiona kama aliyemfungia mtu nje ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu wapi pengine kijana yule angekula Sabato katika mji huu? Chumbani, biskuti na tufaha, peke yake, huku bweni zima limeondoka.

Walikuwa wanamaliza supu Pnina alipoingia, akikung'uta theluji viatuni. Alitazama meza.

"Nachum yuko wapi? Jikoni?"

"Amenuna," Zev alisema. "Mwenyekiti alimtolea maneno."

"Amenuna nini? Mimi nimekutana naye karibu na bweni lake, Ostby, jua linataka kuzama. Anakimbia, simu bado iko mkononi. Ameniambia anakwenda kuoga na kubadili nguo, halafu anakuja huku moja kwa moja. Ana habari ya kugeli, anasema. Alikuwa anacheka peke yake."

Kutoka bweni la Ostby mpaka Nyumba ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja, na jua lilikuwa limezama zamani.

Marni aliinuka, akaenda kwenye kapu. Mkono wake ulisita juu ya simu, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya Pnina, ambaye siku hizi alikuwa anajaribu kuishika Sabato.

"Chukua," Pnina alisema. "Kama ni uhai wa mtu, chukua. Hata Nachum mwenyewe angekuambia hivyo, tena na ukurasa wa kitabu cha sheria angekutajia."

Marni akampigia mlinzi wa zamu wa chuo, Bwana Halvorsen. Sauti yake ilikuja pamoja na upepo. "Niko lango la kusini, binti. Kuna gari limeingia mtaroni na mama mmoja ndani yake na mbwa wawili. Nikilitoa nakuja. Lakini Ostby mbona ni patupu? Nimepita kabla ya giza, wameondoka karibu wote."

Aliposikia neno patupu, Marni alivaa koti, Zev naye akavaa lake bila kuambiwa, na wakatoka.

Njiani hawakuzungumza sana, maana ukifungua mdomo baridi inaingia mpaka kwenye meno. Lakini kichwani mwa Marni kulikuwa na kelele. Alifikiria ziwa nyuma ya uwanja wa mpira, ambalo Nachum alipenda kwenda kulitazama mahali barafu ilipo nyembamba, eti aone samaki. Alifikiria ngazi za maktaba zilizoganda. Akafikiria kwamba ikiwa kuna jambo, hata mama yake hawatampata. Simu itaita kule Baltimore, nyumba imejaa watu na mishumaa, na hakuna atakayeipokea mpaka kesho usiku. Na atakapoipokea, ni nani atakayemweleza kwamba mwanawe aliambiwa akale kwake?

"Usiwaze," Zev alisema.

"Siwazi."

"Unawaza kwa sauti. Nakusikia pumzi."

Bweni la Ostby lilisimama jeusi, isipokuwa dirisha moja la ghorofa ya pili. Zev akashusha pumzi.

"Taa yake inawaka. Yuko ndani, amelala zake. Nilikuambia."

"Taa yake huwaka Sabato nzima, Zev. Sheria haimruhusu kugusa umeme siku hiyo, kwa hiyo haiwashi wala haizimi. Hiyo taa haituambii kitu."

Walijaribu kadi zao mlangoni, lakini mlango wa Ostby hufunguka kwa kadi za wakazi wa Ostby tu. Zev akafinyanga theluji akarusha, dirisha likalia paa. Akarusha tena, na tena. Hakutokea mtu.

Marni alikuwa anautazama mlango. Ulikuwa wa vioo, wa kisasa, na kwa ndani ulikuwa na kile kitambuzi kinachomwona mtu anakuja na kuufungua.

"Ijumaa hutokaje?" aliuliza.

"Nani?"

"Nachum. Mlango huu unafunguka kwa umeme ukiukaribia. Yeye Sabato hawezi kuupita. Sasa hutokaje?"

Zev alijikuna shingo. "Sijawahi kufikiria."

"Wala mimi." Na hilo lilimuuma kuliko maneno ya jikoni. Kila Ijumaa kijana huyu alifika Nyumba mashavu yamekuwa mekundu, akasema Shabat shalom, ile salamu ya Sabato, akakaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza amefikaje, wala usiku akirudi nani humfungulia. "Kuna ngazi za nyuma," alisema. "Lazima kuna ngazi za nyuma."

Walizunguka jengo huku theluji ikiwafika magotini. Upande wa nyuma paa lilikuwa limemwaga mzigo wake wote mchana ule. Chungu ya theluji iliegemea ukuta, imefika kifuani, imeganda juu kama mkate uliokaa nje. Mlango ulionekana nusu tu. Marni alishika mkono wa Zev.

"Sikiliza."

Sauti ilikuwa inasikika kwa mbali, nyuma ya chuma, lakini haikuwa ya kukosea. Mtu alikuwa anaimba nyimbo za meza ya Sabato, moja baada ya nyingine, akipiga mdundo kwa miguu kwenye ngazi za saruji, anapanda, anashuka.

Marni akapanda ile chungu kwa mikono na miguu, akaugonga mlango.

Wimbo ukakatika.

"Nani?"

"Marni. Na Zev."

"Shabat shalom," ikasema sauti.

"Umeumia?"

"Hapana. Nina baridi tu. Mlango hausukumiki."

"Umezibwa na theluji ya paani."

"Nilihisi ni hivyo."

"Usiondoke. Tunachimba."

"Nitaondoka niende wapi?" Nachum aliuliza, na Zev, ambaye alikuwa bado amesimama ameshika kifua, akaanza kucheka mpaka akainama.

Zev alikimbia mbele ya bweni akarudi na koleo lililokuwa limeegemezwa kwenye pipa la chumvi. Kwa kuwa koleo lilikuwa moja, Zev alichimba na Marni akachota kwa mikono, na huku wakichimba Nachum aliwaeleza kupitia upenyo wa chini ya mlango. Kila Ijumaa alishuka kwa ngazi za nyuma kwa sababu ya ule mlango wa umeme. Leo ameshuka, akausukuma wa nje, haukusogea. Akapanda kurudi, wa ghorofa yake umeshajifunga, na kadi iko chumbani, maana Sabato hachukui kitu mfukoni anapotoka. Angekuwa nayo angeitumia, alisema. Si mjinga kiasi hicho. Amegonga milango ya ghorofa zote. Siku nyingine kungekuwa na mtu.

"Kwa nini hukuwahi kutuambia unavyopata shida kutoka?" Marni aliuliza.

"Sikutaka kuwa mtu wa kuwaambia kila kitu. Jikoni panatosha."

Marni akazidi kuchota.

Mlango ulipopata nafasi ya kupita bega, Nachum alitoka kwa ubavu, amevaa suti yake ya Sabato ndani ya koti, midomo imekuwa ya zambarau, kofia yake ndogo imekaa upande. Marni alimwendea mikono wazi, na akiwa ameshafika akakumbuka kwamba Nachum hamgusi msichana asiye ndugu yake. Mikono ikabaki hewani. Hakujua aipeleke wapi, akamkumbatia Zev kwa nguvu zote.

"Haya na mimi nimefanya nini?" Zev alisema, ameminywa.

"Mshike wewe. Mkumbatie. Mpashe moto, mwone anavyotetemeka."

Zev akamkumbatia Nachum, akamsugua mgongo kama mtu anayekausha mbwa. Marni akavua skafu yake akairusha juu ya bega la Nachum, akakaa pembeni akiwatazama, machozi yanamganda mashavuni na hakujali. Angeweza kucheza ngoma pale kwenye theluji. Yuko hai, yuko mzima, anatetemeka na anaona haya, vilevile kama jana.

Walirudi wakiwa watatu, Nachum katikati.

"Nilimpigia mjomba wangu," alisema meno yakigongana. "Yule rabi. Nikamweleza habari ya mwiko. Akaniuliza, mwiko huo mara ya mwisho umegusa nyama lini? Nikasema Ijumaa iliyopita, kuku. Akasema kama imeshapita zaidi ya siku nzima, kugeli inalika bila wasiwasi, mwiko ndio wa kushughulikiwa. Nilikuwa nakuja mbio kuwaambia."

Marni alisimama. "Imekwenda kwa watu wa hoki."

"Yote?"

"Na sahani yake."

"Sahani ya buluu?"

"Nachum."

"Nauliza tu."

Walitembea kidogo. "Yale niliyokuambia mchana," Marni alisema, "sikuwa na haki kuyasema. Nyumba ile ni yako kama ilivyo yangu."

"Yaliniuma," Nachum alisema. "Lakini kule ngazini sikuyawaza sana. Nilichoogopa ni kwamba mtadhani nimenuna, mtakula mtalala, na mimi niko pale mpaka kesho."

"Tulidhani umenuna. Na tulikula."

"Mlikula?"

"Supu. Zev bakuli mbili."

"Moja na nusu," Zev alisema. "Tusiongeze."

Nachum akacheka, na kicheko chake kilitoka kimekatikakatika kwa baridi.

Pnina alikuwa mlangoni na mablanketi. Alimtazama Nachum kuanzia kichwani mpaka viatuni, akasema, "Haya, kaa," na sauti yake ikakwaruza zaidi ya kawaida. Wakamkalisha karibu na kipasha joto, wakamvika mablanketi mawili, wakamletea maji moto ya kuweka mikono. Rangi ilipoanza kumrudi aliomba divai. Wenzake walikuwa wamekwisha kubariki, lakini yeye alikuwa bado, kwa hiyo wakasimama wote tena, na Nachum akaimba akiwa amejifunga blanketi kama mfalme aliyefukuzwa kwake. Sauti ilikuwa imechoka kwa nyimbo za ngazini. Hata hivyo glasi zililia.

Nachum alikuwa kwenye bakuli la pili la supu Bwana Halvorsen alipogonga. Aliingia na baridi yake, tochi mkononi, uso umejaa wasiwasi, anapumua kama mtu aliyekimbia.

"Nimekwenda Ostby, nimekuta shimo na koleo na hakuna mtu. Nimedhani…" Macho yake yakamwona Nachum, blanketi na kijiko. Alivua kofia, akajipangusa paji la uso ingawa halikuwa na jasho, akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama.

"Kaa, Bwana Halvorsen," Marni alisema. "Samahani, nilipaswa kukupigia tena. Tumechukua koleo lako bila ruhusa."

"Koleo ni la chuo," mzee alisema. "Kijana, vidole vyako unavisikia?"

"Navisikia, bwana."

"Vyote? Na vya miguu?"

"Vinaniuma vyote."

"Vikiuma ni vizuri. Vyema sana." Akamtazama kitambo, akatikisa kichwa. "Mlango ule nitaufukua kesho mwenyewe, na Jumatatu nitasema nao huko ofisini. Mtu hawezi kuwa anatoka nyumbani kwake kwa bahati nasibu."

Alisema nao kweli, na Marni akaenda kusema nao pia, na Januari Nachum akapewa ufunguo wa kawaida wa chuma wa mlango mdogo wa pembeni, anaouvaa kama bizimu ya mkanda siku ya Sabato ili usihesabike kuwa mzigo. Lakini hayo ni ya baadaye. Usiku ule Pnina alimwekea mlinzi supu na mkate bila kumuuliza kama ana njaa, naye akala bila kujifanya hana, akiwasimulia habari za yule mama wa mtaroni, ambaye alikataa kutoka garini mpaka mbwa watolewe kwanza, na mbwa nao wakakataa kutoka bila yeye. Zev akataka kujua ilikwishaje. Nachum akauliza mbwa walikuwa wa aina gani.

Marni aliwaacha, akaingia jikoni. Samaki alikuwa bado yuko juu ya jiko lililoachwa linawaka kidogo, amekauka pembeni lakini katikati ni laini. Alijipakulia kipande kikubwa, akakata mkate, akakaa juu ya meza ya jikoni miguu ikining'inia. Alikula chote, akaongeza kingine, akisikiliza vicheko vya ukumbini. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alikuwa na njaa kiasi kile.